JE, KUYASIKIA MADHEHEBU YOTE NI KUYAKUBALI YOTE?

Ndugu msomaji, katika miaka ya karibuni vijana wa Ulaya, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu, wamekuwa wakifanya jambo moja linalostahili kutazamwa kwa makini. Wakati wa likizo ya kiangazi, ambapo wenzao huenda pwani kuota jua au hutafuta vibarua vya kujipatia fedha, wao hukusanyika katika nyumba ya mafunzo, aghalabu mahali palipo mbali na kelele za miji, wakakaa siku kadhaa wakisoma elimu ya uchumi. Shule ya kiangazi ya namna hii imepata kufanyika katika kijiji cha Neudietendorf, jimbo la Thüringen, nchini Ujerumani. Waliokuwa nyuma yake ni vijana wa jumuiya iitwayo Netzwerk Plurale Ökonomik, yaani mtandao wa wale watakao elimu ya uchumi ifundishwe kwa mitazamo mingi. Kazi ya kuandaa shule kama hizi, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya watu wa kujitolea. Hao ndio watafutao nyumba, ndio waandikao barua za kuwaalika walimu, ndio wapangao nani alale chumba gani na nani ale chakula kisicho na nyama. Na mashauri yao huyafanya usiku, baada ya masomo na kazi zao.

Bila shaka utauliza: Je, vijana hawa hawafundishwi uchumi huko vyuoni mwao mwaka mzima? Wanafundishwa, tena sana. Lakini wao wasema ya kwamba walilofundishwa ni dhehebu moja tu, nalo waliambiwa kuwa ndilo elimu yenyewe.

Neno hili "dhehebu" nimelitumia kwa makusudi. Watu wengi hudhani ya kwamba uchumi ni kama hesabu: mbili na mbili ni nne, awe msemaji ni Mwingereza au ni Mhindi. Sivyo. Chukua swali moja ambalo halina haja ya kitabu: kwa nini mtu mwenye afya na nia ya kufanya kazi hukosa kazi? Wafuasi wa dhehebu litawalalo vyuoni, liitwalo neoklasiki, huanza na bei. Kazi, wasema, ni kitu kiuzwacho sokoni, na kitu kisichopata mnunuzi sharti bei yake imezidi. Basi hutafuta ni jambo gani liuzuialo mshahara usishuke: sheria, au chama cha wafanyakazi, au mikataba. Keynes, Mwingereza aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1936, mamilioni ya watu wakiwa hawana kazi, alijibu ya kwamba mishahara ikishuka na wanunuzi nao hupungua, maana mfanyakazi wa kiwanda hiki ndiye mnunuzi wa kiwanda kile. Kwa hiyo serikali na itumie fedha wakati watu binafsi wameikunja mikono yao. Marx alikuwa amekwisha kusema kabla yake ya kwamba wasio na kazi ni jeshi la akiba, lenye faida kwa mwenye mali, kwa kuwa huwatia hofu walio kazini wasidai zaidi. Wanauchumi wa dhehebu la Austria, akina Mises na Hayek, huelekeza kidole kwenye mabenki: mikopo ilifanywa rahisi kupita kiasi, mali ikamwagwa katika shughuli zisizo na msingi, na sasa shughuli hizo zinaanguka. Tena wako wanawake wa elimu hii, kama Marilyn Waring wa New Zealand aliyetoa kitabu chake mwaka 1988, waulizao swali liwaaibishalo wote waliotangulia: huyo mama apikaye, afuaye, aleaye watoto na kumwuguza mzee tangu alfajiri hata usiku, mmemwandika wapi katika hesabu zenu? Mbona mwasema hana kazi?

Msomaji asidhani ya kwamba haya ni mabishano ya wasomi waliokosa la kufanya. Kila jibu lina dawa yake, na dawa hiyo hunyweshwa watu wasiopata kusikia jina la aliyeiandika. Sisi wa Afrika Mashariki twalijua jambo hili. Tanzania ilipopatana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, thamani ya shilingi, bei ya unga na ruzuku ya mbolea vilikuwa si mambo ya kitabuni tena. Kama dawa ile ilifaa au haikufaa, wenye elimu wanabishana hata leo. Langu ni dogo: waziri au mshauri aliyefundishwa jibu moja tu katika ujana wake, siku ya shida hana la kuchagua. Atanywesha dawa aijuayo, kisha ataiita lazima.

Manung'uniko ya wanafunzi yalianza zamani kidogo. Mwaka 1992 wanauchumi 44, wanne kati yao wakiwa wamepata Tuzo ya Nobel, walitia sahihi tangazo katika jarida kubwa la elimu hiyo huko Marekani, wakidai madhehebu yasikilizane. Haikuleta badiliko kubwa. Mwezi wa Juni 2000 wanafunzi wa Paris waliandika waraka wakilalamika ya kwamba wanafundishwa dunia ya kuwaziwa. Serikali ya Ufaransa ilimteua Profesa Jean-Paul Fitoussi achunguze jambo lenyewe. Kisha ukaja msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008. Mwezi wa Novemba mwaka huo Malkia Elizabeth II alizuru London School of Economics, akauliza kwa nini hakuna aliyeiona hatari ile ikija. Lilikuwa swali la mtu asiye mwanauchumi, nalo lilichukua miezi kujibiwa: Julai 2009 wasomi wa British Academy walimwandikia barua wakikiri ya kwamba watu wengi wenye akili, kila mmoja akitazama sehemu yake, walishindwa kuiona hatari nzima.

Wanafunzi wa Manchester hawakutosheka na barua. Waliunda jumuiya yao, wakaomba pawe na somo juu ya misukosuko ya fedha, na somo hilo likafundishwa kwa muda bila ya kuhesabiwa katika shahada. Vijana walikuja kulisikiliza wakijua ya kwamba halitawapa alama hata moja. Watatu katika wao walitoa kitabu mwaka 2016, baada ya kupekua masomo 174 ya vyuo vikuu 7 vya Uingereza, na waliona ya kwamba sehemu kubwa ya maswali ya mitihani haikumtaka mwanafunzi afikiri mwenyewe, bali aendeshe mashine aliyopewa. Mwezi wa Mei 2014 jumuiya zaidi ya 60 za wanafunzi, kutoka nchi zipatazo 30, zilikuwa zimetoa barua moja ya kudai mambo matatu: nadharia ziwe nyingi, njia za uchunguzi ziwe nyingi, na elimu nyingine kama historia na falsafa zisifungiwe nje. Shule za kiangazi ni tunda la madai hayo. Walipoona mlango wa chuo haufunguki upesi, walijenga kibanda chao nje ya ukuta.

Sasa twafikia swali lenyewe. Wako wasemao: "Mkiyaweka madhehebu yote mezani, mnawafundisha vijana ya kwamba hakuna kweli. Leo Keynes, kesho Marx, keshokutwa Hayek. Mwisho mwanafunzi atasema kila mtu ana haki, nami nitachagua linipendezalo." Maneno haya si ya kupuuzwa, kwani wako watu ambao kusikia mengi kumewafanya wavivu wa kuamua. Lakini aliyesema hivi amechanganya mambo mawili. Kadhi asikilizaye pande mbili hasemi ya kwamba pande zote mbili zina haki. Anasikiliza kwa sababu atahukumu, na hukumu itolewayo baada ya kumsikia mshitaki peke yake ni dhuluma, hata kama kwa bahati imeangukia kwenye kweli. Mwanafunzi aliyesikia madhehebu matano hajapata kibali cha kuyaamini yote. Amepewa mzigo wa kupima, na mzigo huo ni mzito kuliko ule wa kukariri.

Wengine waja na hoja iliyo kali zaidi. Wasema: "Katika chuo cha udaktari hatuwaalikwi walimu wa kufundisha ya kwamba malaria huletwa na hewa mbaya. Tangu Ronald Ross alipomkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu mwaka 1897, dhehebu la hewa mbaya limekufa. Kwa nini katika uchumi tufufue maiti?" Hoja hii ina nguvu, nami naona baadhi ya watetezi wa mitazamo mingi huipita mbio mno. Ni kweli ya kwamba si kila msemaji astahili kiti. Ajaye na fikira zake lakini hakubali kusema ni ushahidi gani ungemwonyesha ya kuwa amekosea, huyo hana dhehebu la elimu, ana ubishi. Lakini je, uchumi umekwisha mpata mbu wake? Malkia aliuliza mwaka 2008, na jibu alilopewa halikuwa jibu la watu walioumaliza mjadala. Tena uchumi una jambo ambalo udaktari hauna kwa kiasi hicho. Madaktari wote wamepatana ya kwamba mgonjwa apone. Wanauchumi hawajapatana neema ni nini: kama ni wingi wa bidhaa, au ni kila mtu kuwa na kazi, au ni ardhi na maji kubaki salama kwa wajao. Penye ugomvi wa namna hiyo, dhehebu moja likikalia kiti peke yake, limeamua kwa niaba ya watu wote jambo ambalo hawakuulizwa.

Hadi hapa, ndugu msomaji, nimekuwa upande wa vijana. Sasa nitawageukia wao wenyewe, maana mtihani wao mkubwa haumo katika kuwajibu maprofesa.

Fikiria orodha ya walimu watakaoalikwa. Anatafutwa mfuasi wa Keynes, anapatikana. Anatafutwa mwalimu wa uchumi wa mazingira, wa Marx, wa kutetea haki za wanawake. Kisha mmoja katika kamati anauliza: "Na yule wa neoklasiki?" Kimya. Mwingine anajibu: "Huyo twamsikia mwaka mzima." Jibu hili lina mantiki yake, kwa kuwa shule ilianzishwa ili kutoa kile kilichokosekana, na nafasi ni chache. Walakini lina hatari. Wale waliokuja hawatoki wote katika chuo cha uchumi. Wengine wasomea siasa, wengine ni wafanyakazi wa jumuiya za haki, na habari zote watakazozipata juu ya dhehebu kubwa watazipata kutoka kwa mahasimu wake. Wewe uliyepata kubadili imani, au uliye bado katika kuchunguza, wajua jambo hili lilivyo. Wajua ilivyo rahisi kuelezwa habari za kundi la watu na wale walioapa kulipinga, na jinsi maelezo hayo yanavyotoka yakiwa mapungufu, yamekatwa mikono na miguu, mpaka siku utakapokutana na mmoja wa watu hao uso kwa uso.

Dhehebu kubwa la uchumi halikosi watu waadilifu ndani yake. Mfano ni huu. Nimesema ya kwamba jibu lake la kwanza kwa ukosefu wa kazi ni mshahara uliozuiwa usishuke. Basi waliolipima jibu hilo kwa ukali walikuwa wanauchumi waliolelewa humo humo. David Card na Alan Krueger walihesabu wafanyakazi wa mikahawa 410 katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania, kabla na baada ya New Jersey kupandisha kima cha chini cha mshahara mwaka 1992 kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa. Hawakuona ya kwamba kazi zilipungua. Wenzao waliwashambulia sana walipotoa matokeo hayo mwaka 1994, na ubishi haujaisha. Lakini mwaka 2021 Card alipata Tuzo ya Nobel. Kijana aliyeambiwa ya kwamba neoklasiki ni kundi la watumishi wa matajiri hataweza kuieleza habari hii.

Hata jambo la kujitolea lenyewe laonyesha haja ya kumsikia mpinzani. Mwaka 1970 Richard Titmuss wa Uingereza alitoa kitabu juu ya damu ya hospitali. Alilinganisha nchi yake, ambako watu huitoa bure, na Marekani, ambako kwa wakati ule nyingi ilinunuliwa, akasema ya kwamba fedha ikiingia huharibu ile nia njema ya mtoaji, na hata damu yenyewe huwa mbaya zaidi. Wapenda kujitolea walifurahi. Lakini Kenneth Arrow, mmoja wa vigogo wa dhehebu kubwa, aliuliza mwaka 1972 swali jepesi: mtu mmoja akiuza damu yake, hilo lamzuiaje mwingine kuitoa bure? Swali hili liliwasumbua watu, kwani Titmuss alikuwa ameona jambo bila ya kueleza vizuri njia yake. Mwanga ulikuja baadaye kutoka mji wa Haifa. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza nyumba 10 za kulelea watoto wadogo, ambamo wazazi wengine walizoea kuchelewa kuwachukua watoto wao. Katika nyumba 6 iliwekwa faini ya shekeli 10. Ingepasa wachelewaji wapungue; wakaongezeka, wakawa kiasi cha maradufu. Faini ilipoondolewa, hawakurudi walikokuwa. Inaonekana ya kwamba kabla yake mzazi alimwonea haya mwalimu anayesubiri. Baada yake alijiona analipa bei, na aliyelipa bei haoni haya. Uchunguzi huo ulitolewa mwaka 2000. Ona, basi, yaliyotokea: swali la mpinzani ndilo lililotuonyesha mahali pa kutazama. Lau wafuasi wa Titmuss wangefanya shule yao wasimwalike Arrow, wangebaki na hisia nzuri isiyo na maelezo.

Kwa hiyo mwalimu wa neoklasiki na aalikwe, wala asialikwe yule dhaifu ili apigwe mbele ya watu. Aalikwe aliye hodari, apewe saa sawa na wenzake, na achague mwenyewe maandiko atakayoyasomesha. Kama fedha ya nauli ni ya mmoja tu, hapo kamati ina uamuzi mgumu, nami siwezi kuwaamulia nikiwa mbali. Lakini kama ni suala la kutompenda tu, hawana udhuru.

Limebaki jambo ambalo katika maandishi ya harakati hii halisemwi mara nyingi. Ni nani awezaye kujitolea? Kazi isiyo na malipo hufanywa na yule ambaye kodi ya chumba chake imelipwa na mwingine, au na yule ajinyimaye usingizi. Mtoto wa tajiri aweza kuandaa shule miezi sita. Mtoto wa mpishi ana zamu hotelini. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kampala atakaye kuhudhuria hukutana na nauli ya ndege, kisha na dirisha la ubalozi ambako huulizwa taarifa za benki kabla ya kuulizwa ajuavyo uchumi. Hivyo yaweza kutokea ya kwamba chumbani mna madhehebu saba lakini wasemaji wote wametoka nyumba za namna moja, na uchumi wa maskini unaelezwa vizuri sana na watu ambao hawajapata kukosa. Kamati zenye insafu huweka ada za viwango mbalimbali, mwenye nacho akalipa zaidi, na hutenga fungu la nauli. Hiyo ni njia njema, ingawa fungu hilo ni la kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

Na ndani ya nyumba yenyewe, wakati wa jioni, baada ya mhadhara juu ya kazi za wanawake zisizohesabiwa, yako masufuria ya watu wengi jikoni. Atakayebaki kuyaosha ajulikane tangu asubuhi. Orodha ya zamu na ibandikwe mlangoni, ya wanaume na ya wanawake, ya wanafunzi na ya wageni waalikwa, jina la profesa likiwamo.